Pembe ya Picha ya Bega

Jumatatu, 9 Oktoba

Joto limezidi leo. Ni miezi saba tangu tuletewe mashine mpya ya eksirei, na leo ndiyo mara ya kwanza kupiga picha ishirini kwa siku moja. Mpiga picha ni mimi peke yangu. Hospitali yetu iko mbele ya Tseikuru, kwenye nchi ya mbuzi na ng'ombe, na hatuna daktari wa kusoma picha. Nikishapiga, natuma kwa mtandao mpaka Nairobi, kwenye kituo ambako madaktari wa kusoma picha wamekaa wakipokea za hospitali nyingi. Anasoma mtu nisiyemjua, anaandika jibu, linarudi kwenye kompyuta yangu. Nalichapisha, nampelekea Mbuvi, afisa wa kliniki, ambaye ndiye anayetibu.

Kazi yangu ni kupiga na kutuma. Kusoma si kazi yangu, hata nikiona. Tulifundishwa hivyo chuoni, na kwenye mkataba wangu imeandikwa kwa wino mzito.

Mtandao ukipotea zaidi ya siku mbili, naziweka picha kwenye flashi na dereva wa ambulensi, Mzee Muthama, anazipeleka Mwingi, mwendo wa saa tatu, zitumwe kutoka kwa saiba ya Halima. Flashi huitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo na kuupigapiga. Husema, "Leo nimebeba vifua vya watu."

Jumatano, 11 Oktoba

Picha tisa. Zote zilienda kabla ya saa nane. Mama amepiga simu kutoka Kilungu, anasema huko mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Hapa anga ni nyeupe tupu.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani tumeombea mvua kwa saa nzima. Watu walilia. Mbuzi wameanza kufa huku kwetu, na wanawake wanachimba mchanga wa mto kufuata maji mpaka mtu anazama kiunoni. Mimi pia niliomba, lakini si kwa moyo wote. Mlingoti wa simu ulio kilimani unatumia nguvu za jua. Mawingu yakikaa siku mbili, unazimika, na picha zangu zinabaki hapa na mimi.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua. Ilianza saa kumi alfajiri, na watu wakatoka nje kusimama ndani yake. Mzee Muthama alikuja kazini na jembe kwenye ambulensi; alikuwa amepitia shambani kwake kumsaidia mkewe kupanda ndengu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu. Mvua. Mtandao hakuna.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mtandao ulirudi ukiwa dhaifu kama uzi. Picha moja kamili inachukua saa nzima kupanda, na mara nyingi inakatika njiani ikabidi kuanza upya. Mwezi wa tano fundi alinionyesha jinsi ya kuipunguza picha ili ipite haraka. Ukiitazama ikiwa ndogo utadhani ni ileile, ila ukisogea karibu unakuta ukungu. Kwa mfupa uliovunjika haidhuru, mfupa uliovunjika unaonekana hata na mtu aliyesahau miwani. Leo nimetuma kumi na mbili kwa njia hiyo.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mzee Muthama ameingia chumbani kwangu na karatasi, mara ya kwanza kumwona akiingia kama mgonjwa. Mbuvi ameandika: maumivu ya bega la kushoto, miezi mitatu, bega lipigwe picha.

Alikuwa na haya kidogo. Alisema ni gia za hiyo ambulensi, zimekuwa ngumu, na mkono wa kushoto ndio unaozipigania siku nzima. Ana miaka hamsini na saba. Nilimsaidia kuvua shati. Alipoinua mkono alifunga macho.

Picha ilipotokea kwenye kioo changu, bega lilikuwa zima. Mpira wa mfupa uko ndani ya kikombe chake, hakuna ufa. Lakini picha ya bega hunasa pia kipande cha kifua, kwenye pembe ya chini, pale ncha ya pafu inapoanza. Pafu kwenye picha huwa jeusi kwa sababu ni hewa. Hapa pembe ilikuwa nyeupe. Haikuwa nyeupe sana, ilikuwa kama maziwa yaliyomwagwa kwenye kitambaa cheusi. Na ubavu wa kwanza ulikuwa na ukingo usionyooka.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mgonjwa akiwa bado amekaa pale. Kisha nikamtazama yeye. Jicho lake la kushoto limekuwa dogo kuliko la kulia, kope imeshuka. Nimemwona kila siku kwa miaka miwili na nikadhani ni usingizi wa safari.

Nilimwuliza kama anakohoa. Akasema kidogo, vumbi. Nikauliza sigara. Akacheka, akasema aliacha mwaka ambao mkewe Kalondu aliokoka.

"Umeona nini, mwiitu wa Kilungu?" Ndivyo anavyoniita, msichana wa Kilungu.

Nikamwambia majibu yatakuja.

Halafu nikatuma. Mtandao ulikuwa uleule wa uzi, foleni nje ilikuwa ya watu kumi na wanne, na mkono wangu ukafanya ulichozoea: nikaipunguza picha, ikapita kwa dakika tatu. Sikuweka alama ya haraka, kwa kuwa bega si la haraka. Ni baada ya kuita mgonjwa aliyefuata nilipokumbuka ile pembe, na kwamba ukungu huanzia pembeni.

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua. Mtandao hakuna. Ningetuma tena ikiwa kamili, lakini hakuna pa kuipitishia.

Alhamisi, 26 Oktoba

Jibu limefika. "Hakuna mvunjiko wala mteguko. Mabadiliko madogo ya umri kwenye kiungo cha bega. Hakuna lingine la kutajwa." Chini yake jina: Dkt. Nasreen Jabiri.

Nilimpelekea Mbuvi mimi mwenyewe badala ya kumtuma muuguzi. Nikamwambia kuna kitu kwenye pembe, nikamwomba aandike picha ya kifua. Mbuvi ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu, na hutembea na kipima moyo shingoni hata akienda kula muthokoi. Aliusoma ukurasa mara mbili.

"Daktari wa picha amesema hakuna," alisema. "Wewe ni nani useme kipo?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu. Jibu liko kwenye mkataba wangu. Alimwandikia Mzee Muthama vidonge vya maumivu na dawa ya kupaka.

Nikajaribu kuituma tena picha kamili. Mfumo uliikataa: picha hii imekwisha kusomwa.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nilipiga nambari ya kituo. Kijana wa kupokea simu alisema picha ikisomwa faili linafungwa, na anayeweza kuomba lifunguliwe ni aliyeandika ombi la kwanza. Yaani Mbuvi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Picha kumi na moja. Mzee Muthama ananuka dawa ya kupaka kutoka mbali. Nilimwuliza bega. Akasema linaenda likirudi, na sasa linashuka mpaka kidole kidogo.

Jumatano, 1 Novemba

Nimemwona akianzisha gari. Anavusha mkono wa kulia mbele ya kifua kwenda kuweka gia, usukani ameubana kwa goti.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mbuvi. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana, lakini alifunga mlango na kunieleza kitu ambacho sikukijua. Kabla ya kuletwa huku aliwahi kupuuza jibu la daktari wa picha, akamtibu mwanamke kifua kikuu kwa kuamini macho yake. Akakosea. Dawa zikamharibu ini. Mwanamke alipona, lakini barua ya onyo iko kwenye faili la Mbuvi mpaka leo, ikiandikwa ya pili hana kazi.

"Mimi pia nimeona jicho lake," alisema. "Nililiona juzi. Kitu kikikaa juu ya pafu hubana neva ya kope."

Akavuta karatasi akaandika: kifua, haraka.

Nimekuwa nikimwona mtu wa majivuno. Nadhani alikuwa mtu wa hofu tu, na hofu ikivaa koti jeupe inafanana sana na majivuno.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimepiga kifua cha Mzee Muthama. Sasa si pembe tena. Ncha yote ya pafu la kushoto ni nyeupe, na ubavu wa kwanza umeliwa. Wa pili umeanza.

Aliniuliza kwa nini kifua wakati kinachouma ni bega. Nikasema Mbuvi anataka kuhakikisha. Akavaa shati kwa mkono mmoja, mimi nikimfungia vifungo.

Mtandao hakuna tangu Jumanne. Nimeiweka kwenye flashi ikiwa kamili, sikuipunguza, pamoja na picha nyingine ishirini na tano. Kesho ataipeleka Mwingi.

Jumamosi, 4 Novemba

Mto umefurika. Ule mto wa mchanga ambao wanawake walikuwa wakiuchimba, leo una maji ya rangi ya chai kutoka ukingo mpaka ukingo, na umebeba miti. Barabara ya Mwingi inapita katikati yake. Ambulensi iko upande huu, Mwingi iko ule.

Jumapili, 5 Novemba

Kanisani tumetoa shukrani kwa mvua. Kalondu, mke wa Mzee Muthama, alitoa ushuhuda: ndengu zimeota vizuri kuliko mwaka wowote. Mumewe alikaa nyuma ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga.

Jumatatu, 6 Novemba

Mto umejaa.

Jumanne, 7 Novemba

Umejaa. Nilipanda kilimani chini ya mlingoti na simu yangu. Nilipata mistari miwili ya mtandao kwa muda wa kutuma ujumbe kwa Mama kwamba mimi ni mzima. Picha haiwezi.

Alhamisi, 9 Novemba

Ulipungua asubuhi, ukajaa tena saa nane. Mzee Muthama alikaa ukingoni ndani ya gari siku nzima, kama kila siku tangu Jumatatu, injini imezimwa, akingoja. Hakuna aliyemtuma. Nilipomwuliza alisema ana mzigo.

Jumatatu, 13 Novemba

Serikali imetangaza sikukuu ya kupanda miti. Tulipanda sita nyuma ya chumba cha dawa, kwenye tope. Mto umejaa.

Jumatano, 15 Novemba

Maji yameshuka mpaka magotini. Mzee Muthama alikuja saa moja asubuhi kuchukua flashi, ambayo amekuwa akinirudishia kila jioni. Nilimwambia Mbuvi atafutwe dereva mwingine. Hakuna mwingine, dereva wetu wa pili ana likizo na yuko Mukuyuni kwao, na kati yetu na Mukuyuni kuna mito mingapi.

Mzee Muthama alishika flashi, akaitazama.

"Humu ndani, mimi nimo?"

"Umo. Pamoja na wengine ishirini na watano."

"Na wewe umeniona."

Alingoja kidogo kunipa nafasi. Kisha akaitia mfukoni na kujaribu kufunga kifungo kwa mkono wa kushoto, vidole vikakataa. Nikamfungia mimi. Nilisimama pale getini nikaangalia ambulensi ikiingia majini polepole, gia moja tu, na ikatoka upande wa pili.

Ningeweza kumwambia pale. Naandika hili ili nisijidanganye baadaye kwamba nafasi haikuwepo.

Alhamisi, 16 Novemba

Amerudi. Halima alizituma zote kutoka Mwingi. Mzee Muthama alilala huko kwa sababu mkono haukumruhusu kurudi siku hiyohiyo.

Ijumaa, 17 Novemba

Mtandao upo. Jibu hakuna.

Jumamosi, 18 Novemba

Jibu hakuna. Kijana wa simu: "Iko kwenye foleni, madam." Nikasema ina alama ya haraka. Akasema za haraka ndizo foleni yenyewe, kwa sababu ya mvua hospitali zote zilizokuwa zimekatika zimetuma kwa pamoja.

Jumatatu, 20 Novemba

Jibu hakuna. Mzee Muthama hakuja kazini.

Jumanne, 21 Novemba

Hakuna.

Jumatano, 22 Novemba

Limefika saa tano. "Uvimbe mkubwa kwenye ncha ya pafu la kushoto, umekula ubavu wa kwanza na wa pili. Inatia shaka kubwa ya saratani. Picha ya CT na rufaa kwa haraka." Jina ni lilelile, Nasreen Jabiri.

Nililichukia jina hilo. Nilikaa mbele ya kompyuta nikalichukia kama mtu aliyeniibia. Aliiona tarehe ishirini na sita akasema hakuna, leo anasema haraka, na huko aliko hana habari kwamba wa kwanza na wa pili ni mtu mmoja. Pembe nilijaribu kuisahau, lakini ilikuja. Hakuiona kwa sababu sikumtumia cha kuona.

Alhamisi, 23 Novemba

Mbuvi alikwenda kumwambia Mzee Muthama nyumbani kwake, ng'ambo ya kijito, akaniomba twende wote. Alizungumza Kikamba, taratibu, bila kipima moyo shingoni. Kalondu alikuwa akipalilia, akaja na jembe mkononi na hakuliweka chini muda wote. Mzee Muthama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu: gari litaendeshwa na nani.

Ijumaa, 24 Novemba

Yule dereva wa pili amerudi, akampeleka Kitui mjini. Mzee Muthama alikataa kulala kitandani nyuma. Alikaa mbele, akimwelekeza pa kukanyaga mtoni.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Picha nne tu, watu hawawezi kufika.

Alhamisi, 30 Novemba

Kalondu amepiga simu kutoka Kitui. CT ilifanywa jana. Madaktari wanazungumza wenyewe kwa wenyewe na yeye amekaa kwenye benchi. Aliniuliza wanamaanisha nini wakisema imeshikana. Nikamwambia aulize huko. Akasema, "Wewe ndiye ninayekujua."

Nikamweleza: uvimbe umeng'ang'ania mifupa, kuukata ni vigumu. Ni mara ya kwanza kumsomea mtu picha. Nilimsomea kwa simu, picha ambayo sijaiona.

Jumamosi, 2 Desemba

Wamerudi. Imeingia kwenye uti wa mgongo na kwenye ini. Hakuna upasuaji. Wamempa chupa ya mofini ya maji, ya kutuliza maumivu, na karatasi ya kurudi Januari.

Jumatatu, 4 Desemba

Leo saa sita simu ililia, nambari ya Nairobi. Sauti ya mwanamke, imechoka, akaniuliza kama mimi ndiye Kasiva wa eksirei. Akasema yeye ni Nasreen.

Tangu mashine iletwe hakuna msomaji aliyewahi kunipigia. Alisema CT ya Kitui ilipita kwenye mfumo wao, akaona jina, akatafuta nyuma akakuta bega, na chini ya bega jina lake mwenyewe. Hajalala vizuri. Faili alikuwa amelifungua mwenyewe. Akaniuliza kama bado ninayo ile picha kamili, na kama mtandao upo.

Upo. Niliituma ikiwa kamili, ikachukua dakika ishirini, na yeye akabaki kwenye simu muda wote. Tulizungumza ya kawaida. Kumbe amezaliwa Mwingi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, barabara yetu anaijua tangu utotoni na anajua ule mto unavyofurika bila kubisha hodi. Anazisomea picha hospitali kumi na moja. Siku aliyosoma bega alisoma picha mia moja na sitini, na mwenzake alikuwa mgonjwa.

Kisha nikasikia akibofya, nikajua imefika.

"Ipo," alisema. "Pembeni."

"Ungeiona?"

"Kwa ile uliyotuma, hapana. Nimeziweka sambamba hapa. Kwa hii, ndiyo."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Nikamwuliza kama mwezi ule ungebadilisha kitu. Alichukua muda, na nilimpenda kwa sababu hakuharakisha kunifariji. Alisema ugonjwa wenyewe, hapana. Ulikuwa umekwisha kula mfupa, mtu wa hivyo hapasuliwi. Angepata mofini mapema tu. Akarudia hilo neno, tu.

Nimehesabu. Kutoka tarehe ishirini na sita Oktoba mpaka tarehe mbili Desemba ni siku thelathini na saba. Kwa siku thelathini na saba mtu alikuwa na mfupa unaoliwa akiupaka dawa ya misuli, na kati ya hizo kumi na moja alizipitisha akingoja mto, akilinda flashi yetu.

Alhamisi, 7 Desemba

Picha kumi na tatu. Sipunguzi picha yoyote sasa. Kwa hiyo zimeenda mbili. Kumi na moja zimebaki hapa, na sijui kama hiyo ni bora.

Jumamosi, 9 Desemba

Nilikwenda kumwona. Amelazwa kwenye chumba cha mbele, dirisha linatazama shamba. Ndengu zimefika magotini, kijani kitupu. Mofini inamsaidia, uso umelegea na anazungumza bila kukata maneno. Kalondu alinipa uji akatuacha, akatoka kupalilia.

Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilimwambia yote: pembe, foleni, mtandao, dakika tatu, Mbuvi, faili lililofungwa, simu ya Nasreen. Nilizungumza nikitazama sakafu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza niliona lini. Nikasema siku ileile, Jumatatu, akiwa bado hajavaa shati.

"Nilijua umeona," alisema. "Ulikuwa mtu wa kuzungumza sana ukifanya kazi. Siku hiyo ulinyamaza."

"Kwa nini hukuniuliza tena?"

"Nilikuuliza. Na pale getini nikakuuliza tena. Nikaona unaumia, nikakuacha."

Nililia. Yeye hakulia. Baadaye alisema kitu ambacho nimejaribu kukiandika kama alivyokisema. Alisema hana kinyongo na picha. Anachojutia ni wiki ya mto. Kama angejua, wiki hiyo asingekaa ukingoni. Angekaa shambani na Kalondu, mkono ukiwa bado unashika jembe. Alidhani analinda wengine, na yeye atapata muda wake baadaye.

"Hiyo wiki ilikuwa yangu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana siwezi kuitoa kichwani.

Jumanne, 12 Desemba

Jamhuri. Hotuba kwa mkuu wa wilaya. Mvua imepungua.

Alhamisi, 14 Desemba

Mbuvi ameandika barua kwa kaunti kuomba mlingoti uwekewe betri za kutosha na hospitali ipewe mofini ya kukaa hapahapa. Amenipa nitie sahihi pamoja naye. Msimamizi amesema ataiambatanisha na zile nyingine.

Jumapili, 17 Desemba

Mzee Muthama alifariki jana saa nne asubuhi. Kalondu anasema alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe lote. Mtandao ulikuwepo kutwa.

Jumatano, 20 Desemba

Tumemzika. Ambulensi ilibeba jeneza, na yule dereva wa pili alikwama mara mbili kwenye tope la shamba. Wanaume wakaisukuma. Nasreen alituma ujumbe wa pole kwa Kalondu kupitia simu yangu. Nikamsomea. Akauliza huyo ni nani. Nikasema ni daktari wa Nairobi aliyemsoma mumewe. Akafikiri, akasema nimjibu asante.

Ijumaa, 22 Desemba

Mtandao hakuna tangu Jumatano jioni. Saa nne aliingia mwanamke anaitwa Mbithe, miaka arobaini hivi, ametembea siku mbili kutoka kwenye malisho. Anakohoa tangu kiangazi. Nilimsimamisha, nikamwambia avute pumzi aishike, nikapiga.

Katikati ya pafu la kulia kulikuwa na kitu cheupe, kikubwa kama yai la kuku, duara lake halijanyooka.

Aliniuliza kama nimeona kitu. Wote huuliza. Nilifunga mlango, nikamwambia ndiyo. Nikamgeuzia kioo nikamwonyesha kwa kidole: hapa ni moyo, hapa ni mbavu, hapa palipaswa kuwa peusi.

Alisogea karibu sana mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ni nini?"

Nikasema sijui kwa hakika, daktari wa picha ndiye atakayesema.

"Atasema lini?"

"Mtandao ukirudi. Au mto ukishuka. Labda Krismasi ikipita."

"Dawa yake iko hapa?"

"Hapa haipo."

Aliniangalia, bila ubaya, kama mtu anayejaribu kuelewa bei ya kitu asichokihitaji. "Sasa umeniambia ya nini?"

Nilitafuta la kumjibu. Nilifikiri maneno ya Mzee Muthama, kwamba wiki ni ya mtu mwenyewe, lakini huyu ana mbuzi siku mbili kutoka hapa na watoto amewaacha nao, na wiki zake zote zina kazi. Alikaa kwenye kiti, nami nikakaa juu ya ngazi ya mashine.

Kisha akasema mumewe hataamini maneno matupu, nimwandikie nilichokiona. Kwenye karatasi za hospitali siruhusiwi kuandika jibu. Ndiyo maana ukurasa ulio kabla ya huu umechanwa. Niliandika kwa Kikamba, kwa herufi kubwa: mahali, ukubwa, tarehe, na kwamba asicheleweshe kwenda Kitui. Chini nikatia jina langu lote na kazi yangu.

Aliukunja mara nne, akauingiza ndani ya nguo kifuani, akatoka, akaingia kwenye mvua.